Sikio la Kiwanda

4 Februari

Mwanangu Hakimu,

Karatasi zako zimefika, kurasa arobaini, na zimenikuta mzima. Unauliza maswali kama askari wa mpakani. Mashine zina umri gani. Nani ana ufunguo wa stoo. Mteja mkubwa akihama, kiwanda kitashika wapi. Hata siku nilipokwenda kumposa marehemu mama yako sikuulizwa hivi, na babu yako alikuwa mtu wa maswali.

Lakini nimekukubalia. Nina miaka sabini na moja, wewe huko uliko hutarudi kuchoma vigae, na sitaki siku moja nianguke halafu watu arobaini na watatu wakose pa kwenda. Kuuza nitauza. Ila yule mwenye maghala usiniletee tena. Yeye anataka uwanja tu, abomoe matanuri yangu matatu apange makontena. Akija mtu anayetaka kuchoma vigae, hapo tutazungumza.

Umeuliza kiwanda hiki kina nini ambacho vingine havina. Andika hivi: hapa hakitoki kigae ambacho hakijagongwa. Kila kimoja kinashikwa kwa mkono wa kushoto, kinagongwa kwa kifundo cha kidole, kinasikilizwa. Kizima kinalia. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, kinakohoa. Kikikohoa kinavunjwa palepale. Wenzetu wanagonga kimoja katika hamsini, wanajipongeza, halafu mvua ikinyesha wateja wao wanahamisha vitanda. Na anayegonga hapa ni mimi, mwaka wa thelathini na nane huu. Kizuri chajiuza, mwanangu, kibaya ndicho chajitembeza, kwa hiyo kurasa arobaini naziona nyingi.

Simu usijisumbue nayo. Mtandao wa huku umekuwa wa hovyo, tunaishia kupigiana kelele. Niandikie.

Baba yako


19 Februari

Baba, shikamoo.

Kurasa ni arobaini kwa sababu wewe ni baba yangu. Wateja wengine nawapa themanini. Ndiyo kazi yangu hii, kuandaa makampuni ya watu kabla hayajauzwa, na katika miaka yote sijawahi kuona mwenye kiwanda anayejibu swali la bima ya moto kwa kuandika "Mungu yupo". Naomba ulijibu upya.

Sasa sikiliza jambo lililonifurahisha. Mama Pacha, msimamizi wako, amenitumia nakala za daftari la vigae vilivyorudishwa na wateja. Nimelisoma mwaka kwa mwaka. Kwa miaka mitatu iliyopita vinavyorudishwa vimepungua, havifikii hata nusu ya zamani. Nusu, Baba! Wazee wengine wanatafuta miwani yao ikiwa usoni, wewe sikio lako linazidi kuwa kali. Nimeliweka jambo hilo ukurasa wa kwanza wa waraka wa mauzo, ule ambao wanunuzi wanausoma kabla hawajaja. Nimeandika kwamba ubora wa kiwanda hiki unakaa katika sikio la mwenye kiwanda. Nilipokuwa naandika nilijisikia mrefu kuliko dari.

Na mnunuzi amepatikana. Ni kampuni ya matofali, watu wa udongo kama sisi, wanataka kuingia kwenye vigae. Hawatabomoa tanuri hata moja.

La mwisho ni langu binafsi. Nimekupigia mara kumi na moja tangu mwaka uanze. Mara tisa amepokea Mama Pacha akasema uko tanurini. Mara mbili umepokea mwenyewe, ukasema "sawa, sawa, salama", ukakata nikiwa katikati ya maneno. Kama una kinyongo nami kwa kuwa sikurudi nyumbani, niambie. Nitaumia, lakini nitajua.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu,

Sina kinyongo. Mtu hawezi kuwa na kinyongo na mtoto anayemwandikia ukurasa wa kwanza wa namna ile. Nimeusoma mara nne. Ungepunguza kidogo tu pale palipoandikwa sikio. Kiwanda kina watu wengi, na Mama Pacha ni msimamizi wa kupigiwa mfano. Ulipoondoka ulimwacha anafagia vumbi la udongo, leo hata udongo wenyewe unamwogopa.

Lakini kama tayari umeuchapa, basi. Si uongo kwamba ufundi huu niliuanza mimi.

Huku nasi hatujalala. Geti limepakwa rangi. Rundo la vigae vilivyovunjwa tumelihamishia nyuma ya banda la kukaushia, mgeni asije akadhani tunakula hasara. Na matanuri yote matatu nimeyapaka chokaa, nje nzima, juu mpaka chini. Yanang'aa mpaka madereva wa malori wanasimama kuyaangalia. Ungeyaona ungejua kwamba baba yako naye anajua kumpamba bibi harusi.

Bima ya moto nimeijibu. Tunayo. Nilisahau tu kwamba tunayo.

Baba yako


20 Machi

Baba, shikamoo.

Chokaa itoke. Leo, si kesho. Mtu wa udongo akiona tanuri lililopakwa chokaa hajiulizi ni zuri kiasi gani, anajiuliza linaficha nini. Na lile rundo la vigae vilivyovunjwa ulirudishe mbele kabisa, karibu na geti. Ndilo ushahidi kwamba vinavyokohoa havifiki kwa mteja. Mimi nalitaka kwenye picha, wewe unaliona aibu!

Watu wa matofali wameupenda waraka. Wameupenda kupita kiasi, na hapo ndipo penye kikwazo. Wanasema hivi: kama ubora wote unakaa katika sikio la mzee mmoja, je, mzee akiugua? Wananunua kiwanda au wananunua sikio? Kwa hiyo wanataka mambo mawili. Ubaki kazini miaka mitano baada ya mauzo, ukigonga mwenyewe. Na tarehe 16 Aprili wanamtuma mhandisi wao akuone ukifanya kazi. Atachanganya vigae vizima na vibovu, wewe utagonga utenganishe.

Najua kwako ni mchezo wa watoto. Miaka mitano ndiyo inayonikera, nami nitaipigania ishuke iwe miwili. Lakini siku hiyo ya mhandisi haina mjadala. Wakijitoa hawa, mezani anabaki mwenye maghala peke yake, nami sitaki kukuona ukitia saini ya kubomoa ulichojenga.

Mwanao


27 Machi

Hakimu,

Siuzi.

Waambie hivyo hao watu wako wa matofali. Mimi si mwanafunzi wa kupewa mtihani kwenye uwanja wangu mwenyewe, mbele ya watu niliowaajiri. Nimegonga vigae kabla huyo mhandisi hajaota meno. Wakitaka kujua kama najua kazi, wapande wakaangalie mapaa ya mji huu.

Chokaa nimeitoa. Imekuwa kazi kubwa kuliko kuipaka.

Baba yako


29 Machi

Mwanangu Hakimu,

Salaam nyingi. Ni mimi Mama Pacha. Hii barua Mzee haijui, na kesho asubuhi nitamwambia mwenyewe kwamba nimekuandikia, maana sijazoea kula na mtu sahani moja huku namsengenya.

Baba yako hasikii. Si kwamba anasikia kidogo. Hasikii.

Ilianza pole pole, kisha miaka mitatu iliyopita ikamshukia yote. Lori lilikuwa linarudi nyuma uwanjani, honi inalia, watu wanapiga kelele, yeye amesimama katikati anahesabu mbao. Nikamvuta shati likachanika. Alinifokea kwa ajili ya shati. Hapo nikajua. Siku zilizofuata nikaviona vigae vinavyokohoa vinapita mkononi mwake vinakwenda upande wa vizima. Nikaanza kukaa nyuma yake, akishagonga yeye nami nagonga tena, vibovu navitoa kimyakimya. Nikadhani mimi ni mjanja. Wiki ya tatu nikafika asubuhi nikakuta kiti cha pili kimewekwa kando ya kiti chake. Alinishika mkono akaniwekea kigae, akanionyesha jinsi ya kukilegeza kwenye vidole ili kilie vizuri. Kumbe mimi nilikuwa nakishika kwa kukibana wiki zote hizo.

Tangu hapo amenifundisha kila alichokuwa anakijua. Udongo wa mtoni unalia mzito, wa kilimani unalia mwembamba, cha juu ya tanuri na cha chini havilii sawa. Anaeleza kwa kukumbuka, mimi nasikia kwa niaba yake. Kisha nami nikafundisha wengine watano. Sasa tuko sita, na kila kigae kinapita kwa watu wawili, wa pili asijue wa kwanza amesema nini. Hiyo amri aliitoa Mzee mwenyewe. Ndiyo sababu vinavyorudi vimepungua. Uliandika ni sikio lake, nami niliposoma sikukasirika, lakini nilijua utakuja kukwama.

Watu wote hapa wanajua. Hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Mtandao hauna ubaya wowote, mwanangu, ni mzuri sana. Anakata simu kwa sababu anaogopa utamwuliza swali ajibu lisilohusiana.

Hajakuchukia. Barua zako anazibeba kwenye mfuko wa shati mpaka karatasi inachakaa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kitakachokufa ni kiwanda. Sisi arobaini na watatu hatuna pa kwenda mwenye maghala akiingia. Kama kuna la kufanya, lifanye wewe.

Mama Pacha


8 Aprili

Baba, shikamoo.

Mama Pacha ameniandikia, na kabla hujamfokea, jua kwamba amekuokoa mara mbili sasa, ile ya lori na hii.

Nimelia. Nimekasirika pia, sitakuficha. Miaka mitatu nimekuwa nikifikiri baba yangu hataki kusikia sauti yangu. Nilikuwa nikikata simu nakaa jikoni nautukana mtandao, nikimaliza najitukana mimi. Ungeniandikia mstari mmoja tu, "Mwanangu, sisikii", ningepanda ndege ya kwanza. Labda ndiyo sababu hukuandika. Unanijua.

Sasa nakuomba unisikilize kwa macho, kwa dakika mbili, na hapa nazungumza kama mtu wa kazi yangu.

Umeficha kitu chenye thamani kuliko vyote ulivyonionyesha. Mtu anayenunua kiwanda ana hofu moja kubwa kuliko zote, kwamba siku mwenyewe akiondoka, kila kitu kitaondoka naye. Nimeona makampuni makubwa, yenye majengo ya vioo, yakikosa wanunuzi kwa ajili ya hofu hiyo. Wenyewe wanapiga kifua kwamba bila wao hakuna linalokwenda, na hawajui kwamba wanajishushia bei. Wewe ulishaanguka, Baba. Ulianguka miaka mitatu iliyopita, na kiwanda hakikutikisika, kikazidi kuwa bora. Ulichukua kitu kilichokuwa kichwani mwako ukakigawa kwa watu sita. Wenzako wanalipa wataalamu wawafanyie hivyo na wanashindwa. Wewe umefanya kwa kiti kimoja, halafu unakaa unaona haya!

Ukurasa wa kwanza nimekosea mimi. Nimeandika sifa za mtu mmoja pahali pa sifa za watu, kwa sababu mtu huyo ni baba yangu na nilitaka dunia imwone. Nataka kuuandika upya, na ukweli wote uwemo. Lakini sitaandika neno moja bila ruhusa yako. Sikio ni lako, na jina ni lako. Barua hii naituma kwa wasafirishaji wa haraka, nawe nijibu kwa njia hiyo hiyo, ndiyo au hapana, kabla ya tarehe 14. Ukisema hapana nitawaambia umekataa kuuza, na sitakuuliza tena.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Ndiyo.

Nimechukua siku mbili kuliandika neno hilo, ndipo nikaona haya mengine yanakuja yenyewe.

Nilikuwa na haya, kweli. Watu wamenijua kwa sikio hili tangu mama yako yuko hai. Watu walikuwa wanakuja uwanjani kuniangalia nikigonga, naona raha, naongeza madaha. Lilipokufa nikajiona kama mfanyabiashara anayefungua duka kila siku na ndani hakuna bidhaa. Wewe nilikuficha zaidi ya wote, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unanisifu kwa watu. Nisamehe. Ulikaa jikoni ukijitukana na mimi huku nimekaa na barua zako mfukoni, wote wawili wajinga.

Mama Pacha alikuja kunikabili ile asubuhi ya pili. Aliandika kwenye ubao wa hesabu za tanuri, kwa herufi kubwa, NIMEMWAMBIA. Nilimnunia mpaka saa nne. Nikashindwa kuendelea, maana ndiye anayenijulisha chai imeiva.

Jana nikawakusanya wote uwanjani. Nikasema kwa kinywa changu, mimi mwenye kiwanda nimekuwa kiziwi, sijagonga kigae cha maana mwaka wa tatu huu, wanaogonga ni hawa sita. Nikasubiri nione nyuso zitakavyobadilika. Wakaangua kicheko. Nilikiona, midomo wazi, mabega yanaruka. Mlinzi wa geti akachukua chaki akaniandikia ubaoni: MZEE, SISI TULIDHANI WEWE NDIYE HUJUI KWAMBA TUNAJUA. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Sijui nimecheka kwa sauti kiasi gani, wanasema kubwa.

Nina masharti mawili. La kwanza, usiandike maneno ya kuzungusha, eti mzee ana changamoto ya usikivu. Andika kiziwi. La pili, huyo mhandisi akija, atakayemwambia ni mimi, ana kwa ana, kabla hajakaa. Mwenye nyumba ndiye anayemwonyesha mgeni panapovuja.

Baba yako


17 Aprili

Mwanangu,

Nakuandikia moto ungali unawaka.

Mhandisi alifika jana saa mbili, kijana tu, viatu vyake vyeupe nikavionea huruma. Nikamwambia kabla hajashika kikombe. Akaniangalia, akatoa waraka wako mpya, akanionyesha pale palipoandikwa kiziwi, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na msamiati mpya. Kisha akaomba waitwe wale sita.

Alikuwa amekuja na vigae vyake mia tatu kwenye kreti, vibovu kavichanganya anavyojua yeye. Hakuna aliyeambiwa viko vingapi. Nilikaa kwenye kiti changu upande wa pili wa uwanja. Nilikuwa nimejiapiza kutokusogea, maana ningesogea ningeanza kusoma nyuso zao na wao wangeanza kusoma wangu. Sijapata kuogopa hivyo tangu tanuri la kwanza, Hakimu.

Wakagonga. Wa kwanza anagonga, anaweka, wa pili anagonga, anaweka. Karibu na mwisho nikaona fundi wa kalibu za kufyatulia vigae, mgeni kuliko wote sita, amekiweka kigae upande wa vizima, na mhandisi akaandika kitu haraka. Kikafika kwa Mama Pacha, wa pili. Akagonga. Akagonga tena. Akakivunja kwenye ukingo wa meza bila hata kumtazama mtu. Fundi wa kalibu akainamisha kichwa, Mama Pacha akamsukumia kigae kingine, kazi iendelee.

Walipomaliza mhandisi alihesabu akanijia na karatasi yake. Vibovu vyote vimetoka. Nikamwandikia chini yake, kwamba mmoja wetu alikosea kimoja, nimeona mwenyewe, asije akasema tumemficha. Akaandika kwa mwandiko mbaya sana, nami nimeihifadhi karatasi hiyo: "Hicho ndicho nilichokuja kukitafuta. Kila mtu hukosea. Nilitaka kuona mtu wenu akikosea kinatokea nini."

Nimewapa wote siku mbili za mapumziko. Mama Pacha amekataa, anasema tanuri la pili linafunguliwa kesho.

Baba yako


30 Mei

Baba, shikamoo.

Imekwisha. Wametia saini jana, na bei ni ile tuliyoiomba mwanzo, kabla sijaandika upuuzi wangu wa ukurasa wa kwanza. Miaka mitano imefutwa, huna deni la hata siku moja kwao. Watu wote wanabaki kazini. Mama Pacha ni mkuu wa ukaguzi, na wamekubali kuandika ndani ya mkataba kwamba kila kigae kitagongwa na watu wawili. Mwanasheria wao aliniuliza kama kweli ninataka neno "kukohoa" liwemo kwenye mkataba. Nikamwambia ndilo neno lenyewe.

Nimeuza makampuni ishirini na sita ya watu wengine. Hili ndilo la kwanza ambalo baada ya saini nilitoka nje nikasimama barabarani, nikitamani kumsimamisha kila mpita njia nimwambie aliyejenga kile ni baba yangu.

Nakuja mwezi wa nane, mwezi mzima. Nitabeba madaftari kumi, tuandikiane mpaka kalamu ziishe wino.

Mwanao


17 Juni

Mwanangu Hakimu,

Nilikaa nyumbani wiki mbili na nusu, nikakosa la kufanya, leo nikaenda kiwandani. Getini mlinzi akanizuia. Yule yule niliyemwajiri mwenyewe, miaka kumi na tisa sasa. Akaninyooshea daftari la wageni, akaandika pembeni: samahani Mzee, amri mpya, kila mgeni anajiandikisha.

Damu ilinipanda. Mimi, mgeni! Nilishika kalamu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Halafu nikaangalia sehemu ya kujaza. Jina, nikajaza. Unakwenda kwa nani, nikaandika Mkuu wa Ukaguzi. Sababu ya kuja, hapo nikafikiri kidogo, nikaandika kununua vigae mia mbili vya paa la jiko.

Wakanikalisha kwenye benchi la wateja, kati ya mjenzi mmoja na mama mwenye mwavuli, maana tanuri la tatu lilikuwa linafunguliwa. Nilisubiri nusu saa nzima. Wale sita waliniona, na hakuna aliyesimama. Walinipungia mkono wakarudi kugonga, kwa sababu kigae kikiwa mkononi hakiwekwi chini kwa ajili ya kumsalimia mtu. Hiyo ni amri yangu mimi, ya mwaka wa kwanza. Mama Pacha akaja baadaye, akanikatia risiti ya bei kamili. Nikamwuliza, hata punguzo hakuna? Akatikisa kichwa.

Mwanangu, nimejenga kitu kisichonihitaji. Nilitembea kurudi nyumbani katikati ya barabara kama mfalme, magari yakinipigia honi ambazo sizisikii, na tangu siku uliyozaliwa wewe sijajivuna hivi.

Baba yako,
mteja